Anza na Sufuria Mbili: Jiko la Anayehama kwa Mama

Siku niliyohamia chumba changu cha kwanza, Makorora, nilishusha kwenye guta godoro, feni, begi la nguo na boksi la vyombo nililolinunua kwa fahari: seti ya sufuria saba zinazoingiliana, vikombe kumi na viwili vyenye maua, na visu sita vilivyochomekwa kwenye kigogo cha plastiki. Wiki ya pili nilikuwa bado sijapika wali wa nazi hata siku moja. Sikuwa na mbuzi. Sikuwa na chujio. Kile kisu kikubwa kuliko vyote kilikuwa kinaponda kitunguu badala ya kukikata, na sufuria tano kati ya saba zilikaa juu ya kabati zikila vumbi. Na vile vikombe? Tanga wanasema ni mji wa waja leo waondoka leo. Wageni wangu mwezi mzima walikuwa wawili, na mmoja ni fundi umeme.

Nimehama tena mara mbili tangu hapo, na kila nikihama nimepanga jiko upya. Haya ninayoyaandika nimeyapanga kwa namna pesa inavyotoka mfukoni, kidogo kidogo, si kwa namna vyombo vinavyopangwa dukani. Naandika kutoka Tanga, kwa hiyo utakuta nazi nyingi, samaki wengi, na hewa ya bahari inayokula kila chuma.

Kabla hujatoa hata mia

Chukua karatasi. Andika kila ulichokula wiki iliyopita, na pembeni andika chombo kilichotumika. Usiandike unachotamani kupika ukishakuwa na jiko lako, hapo ndipo watu hununua mashine ya keki wasiyoiwasha mwaka mzima. Andika ulichokula kweli.

Yangu ilikuwa hivi: chai kila asubuhi, na mkate au muhogo wa kuchemsha. Mchana nilikula kazini. Usiku wali mara tatu, bada, yaani ugali wa muhogo, mara moja, ugali mara moja, chapati za kununua mara moja, Ijumaa kwa mama. Mboga: samaki wa mchuzi mara mbili, maharage ya nazi, kisamvu, mchicha. Soma tena orodha hiyo. Haina blenda, haina oveni, haina kikaango cha umeme. Ina sufuria ya wali, sufuria ya mboga, birika, mbuzi, chujio, kisu, mwiko na upawa. Vitu vinane. Nilikuwa na boksi zima la vyombo, na katika vinane hivyo nilikuwa navyo viwili na nusu.

Hatua ya kwanza: moto

Kwa mpangaji wa chumba kimoja au viwili, mtungi wa gesi wa kilo 6 unatosha kuanzia. Lile jiko linalokaa juu ya mtungi wenyewe ni rahisi kununua, lakini sufuria inasimama juu kama mnara, na siku ya kusonga ugali utadhani unapigana mieleka na mlevi. Ukiweza kujibana, chukua jiko la mezani lenye sehemu mbili za moto, na mpira na regulata yake.

Ukinunua gesi, pima. Kwenye mtungi pameandikwa uzito wa mtungi mtupu, shingoni au kwenye kishikio. Jumlisha na kilo za gesi. Kama mtupu ni kilo 7.2 na gesi ni 6, mzani lazima useme 13.2. Muuzaji mwenye mzani hachukii kuombwa, na asiye nao mpite, twende wa mbele. Mimi niliwahi kununua mtungi ulioniishia siku ya kumi na mbili, na sikuwa na la kumwambia mtu kwa sababu sikupima.

Ukishafunga regulata, tengeneza povu la sabuni kwenye kikombe, pakaza kwenye maungio yote na kando ya mpira, kisha fungua gesi bila kuwasha moto. Povu likivimba na kutoa mapovu mapya mahali fulani, hapo panavuja. Usitumie kiberiti kutafuta uvujaji, jamani. Nimewaona watu wazima wakifanya hivyo.

Jambo ambalo wengi hawalijui: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Haipandi ikatoke dirishani. Inashuka, inatambaa sakafuni, inaingia chini ya kitanda na kukaa hapo ikisubiri cheche. Harufu unayoisikia imetiwa makusudi, gesi yenyewe hainuki. Kwa hiyo ukisikia harufu, funga mtungi, fungua mlango wazi kabisa, peperusha kwa ufagio kuelekea nje, na usiguse swichi ya taa, si kuwasha wala kuzima. Mtungi usimame wima siku zote, mbali na jua, na kila usiku ufungwe pale juu ya mtungi penyewe, si kwenye jiko tu. Mpira uangalie kila mwezi: ukianza kupasuka nyufa au ukiona alama za meno ya panya, badilisha siku hiyo hiyo.

Jiko la mkaa bado nalo, dogo, kwa samaki wa kuchoma na kwa wali wa sikukuu unaopaliwa makaa juu ya mfuniko. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama kwenye kuni na mkaa ifikapo 2034. Mimi nimo kwenye hiyo asilimia mpaka Jumamosi jioni vibua wanapoletwa. Lakini mkaa ni wa uani. Usiuingize chumbani hata mvua ikinyesha, hata ukiona umebaki majivu mekundu tu. Hewa yake yenye sumu haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki kujua kwamba anaivuta.

Kwa wanaopanga nyumba za Kiswahili za Ngamiani, zenye korido katikati na ua nyuma: kabla hujashusha mtungi, muulize mwenye nyumba panapikiwa wapi. Kila ua una kona zake na wenyewe. Nilipoweka jiko langu pembeni ya karo bila kuuliza, hakuna aliyenisema, ila kesho yake nilikuta ndoo tatu zimepangwa pale pale.

Hatua ya pili: sufuria

Mbili. Namba za sufuria zisikuhangaishe, maana namba za duka hili si namba za duka lile. Beba kipimo kichwani: sufuria ya wali iweze kupokea nusu kilo ya mchele na maji yake, na bado ibakiwe na nafasi ya kuchemka bila kumwaga. Ya mchuzi iwe pana zaidi kuliko kina, ili samaki walale bila kupandana.

Ukifika sokoni, iwe Mgandini au kwenye maduka ya barabara za namba, fanya mambo matatu kabla ya kutaja bei. Iweke sufuria juu ya meza iliyo sawa uisukume kwa kidole; ikicheza, kitako chake si sawa na wali utaungua upande mmoja. Bonyeza kitako kwa dole gumba. Kikiingia ndani, iache. Kisha jaribu mfuniko wake pale pale, usikubali kuambiwa "mifuniko inaingia yote, kaka". Haiingii yote.

Kuna sufuria nzito za kusubu, zinazotengenezwa na mafundi kwa kuyeyusha vyuma chakavu. Zinatunza moto vizuri na zinadumu, sikatai. Ila chakavu huyeyushwa cha kila aina, na risasi inaweza kuwemo, na ikishaingia kwenye sufuria inatoka kidogo kidogo kwenye chakula, hasa chakula chenye ukali. Mimi yangu naitumia kuchemshia maji ya kuoga.

Hata sufuria nzuri ya alumini haipatani na ukwaju, ndimu na nyanya kulala ndani. Pika humo, sawa, lakini mchuzi uliobaki uhamishie kwenye bakuli. Ule weusi unaoingia ndani ya sufuria ukichemsha maji au mayai si uchafu wala si sumu. Chemsha maji na maganda ya ndimu dakika kumi, utatoka wenyewe bila kusugua.

Ukishazoea jiko, ongeza chungu cha udongo. Samaki wa nazi kwenye chungu ni habari nyingine. Chungu kipya kiloweke usiku kucha, kesho kipake mafuta ndani, kijaze maji, kiweke kwenye moto mdogo mpaka yachemke taratibu, kisha kiache kipoe hapo hapo. Usikitie maji baridi kikiwa cha moto, na usikioshe kwa sabuni nyingi, kinainywa na kuirudisha kwenye mboga.

Kikaango kile cheusi kisichoshika chakula ni kizuri kwa mayai, basi. Mwiko wake ni wa mti, na stilwaya isikiguse.

Hatua ya tatu: kisu kimoja

Pesa ya visu sita nunua kimoja. Urefu wa kiganja na nusu, chuma kinachoonekana kimeingia ndani ya mpini mpaka mwisho, kikashikwa kwa ribiti mbili au tatu. Kiweke katikati ya kidole: kisipinduke sana upande wowote. Ongeza kidogo cha kumenyea viazi na machungwa, umemaliza.

Kunoa hakuhitaji kifaa. Chukua kikombe au sahani nzito ya udongo, igeuze. Chini kuna duara ambalo halikung'arishwa, linakwaruza. Hilo ndilo jiwe lako. Laza kisu juu yake, inua mgongo wake kiasi cha kupitisha kidole kidogo chini, kisha kivute kama unayekata kipande chembamba cha duara lile, kutoka kwenye mpini hadi nchani. Mara kumi upande huu, mara kumi upande ule. Jaribu kwenye nyanya: kikipita bila kusukumwa, kimenoleka. Kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu unakisukuma kwa nguvu na kinateleza.

Vibao vya kukatia viwe viwili, kimoja cha samaki na nyama peke yake.

Hatua ya nne: mbuzi

Hapa nitakaa kidogo.

Unaweza kuishi Tanga bila mbuzi. Utanunua nazi iliyokunwa sokoni, au tui la pakiti. Lakini iliyokunwa tangu asubuhi imeshaanza kuchacha ikikufikia jioni, na tui la pakiti linafanya kazi yake tu, halina zaidi. Mbuzi mmoja utakaa naye miaka.

Mchague kwa kukaa. Mfungue, mweke chini, mkalie dukani mbele za watu. Kiti kisiyumbe, miguu iliyopishana isilie, na ulimi wa chuma usimame imara bila kucheza pale ulipopigiliwa. Meno yawe madogo na yanayolingana. Meno makubwa yanatoa nazi ya mabonge isiyotoa tui.

Nazi nayo ina kuchaguliwa. Iwe nzito, ukiitikisa maji yasikike, na macho yake matatu yawe makavu bila ukungu. Isiyolia maji imeshaanza kuharibika au imepasuka. Ishike kiganjani na uigonge katikati kwa mgongo wa panga, ukiizungusha. Pigo la tatu au la nne itafunguka vipande viwili. Maji yake yakinge kwenye kikombe uyaonje kabla ya kuendelea. Yakiwa machachu, nazi ni mbovu, usijisumbue kuikuna.

Sasa kukuna. Mwanamume aliyekalia mbuzi uani ni tamasha, hilo jiandae nalo. Mara ya kwanza nilikaa pale majirani wakajifanya wanaanika nguo. Mama mwenye nyumba alikuja akasimama nyuma yangu.

"Mwanangu, hiyo nazi unaikuna au unaikwangua?"

"Naikuna, mama."

"Mbona naona kifuu?"

Niliangalia kwenye sinia. Nazi yangu ilikuwa na rangi ya chai. Nilikuwa nang'ang'ania sehemu moja mpaka meno yakafika kwenye ganda, kisha nahamia nyingine. Alinitoa pale, akakaa yeye. Mikono yake haikubonyeza. Iliizungusha nazi kidogo kidogo, ukingoni kwanza, mikwaruzo mifupi, nazi ikidondoka nyembamba kama ukoko wa sabuni, na kila alipoona weupe unaanza kugeuka aliigeuza upande mwingine. Alipomaliza nusu yake kifuu kilibaki na utando wa kahawia kote, hakuna alipochimba. Nusu ya pili alinirudishia mimi.

Kukamua: tia maji ya uvuguvugu nusu kikombe kwenye nazi iliyokunwa, vuruga kwa mkono kwa nguvu kama unayefua kitambaa, kisha chuja kwa kifumbu au chujio lenye matundu madogo. Hilo ni tui la kwanza, zito, liweke pembeni. Tia maji tena, kikombe kimoja na nusu, kamua, hilo ni la pili. Ukitaka la tatu kamua tena. Maharage, kisamvu au mchele huanza na tui jepesi. Tui zito linaingia mwishoni, mboga ikishaiva, na likiingia usiliache. Lichote kwa upawa na kulirudisha, lichote na kulirudisha, mpaka lichemke. Ukiligeuzia mgongo kujibu simu linakatika, mafuta huku maji kule, na hakuna dawa yake. Tui likikaa kwenye joto la Tanga saa chache huchacha, kwa hiyo ukune nazi ya kupika leo tu. Machicha wape kuku wa jirani, yana manufaa kwenye uhusiano.

Ukimaliza, sugua meno kwa brashi, futa, kausha, pakaza tone la mafuta. Mkunje, viringisha kitambaa kwenye ulimi, msimamishe nyuma ya mlango. Kitambaa hicho si mapambo. Nilimwacha wazi usiku mmoja, umeme ukakatika, nikaenda kutafuta mshumaa. Kovu liko kwenye kisigino. Meno yakifa makali, tupa ndogo ya pembe tatu inayarudisha kwa dakika tano.

Hatua ya tano: vidogo vidogo

Mwiko wa mti, upawa, birika, chujio la chai, karai la kuoshea mchele, chupa ya chai, sahani nne, bakuli nne, vikombe vinne, vijiko. Sinia moja pana. Kinu kidogo cha kusagia kitunguu saumu na tangawizi. Kibao cha chapati kisubiri mpaka uwe na hakika utasukuma chapati mwenyewe. Vitu vyenye mifuniko ni vizuri kuliko vitu vyenye maua.

Maji: ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko na moja yenye koki ya maji ya kunywa. Maji ya bomba ya hapa mjini yanatoka mto Zigi, kwenye bwawa la Mabayani, na mvua kubwa zikipiga kule milimani mimi huona rangi yake kwenye ndoo. Yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, yachemshe. Yakitokota kwa nguvu dakika moja yametosha, kuyaacha nusu saa ni kuchoma gesi. Ndoo ya kunywa isuguliwe kila wiki, ndani kuna utelezi usiouona.

Hatua ya sita: cha kuweka ndani

Nunua kavu kwa wingi, mbichi kwa uchache. Mchele, maharage, sukari na chumvi zinakaa; unga wa mahindi haukai kama unavyodhani, hasa masika, hewa ikiwa imejaa maji. Mimi nanunua kilo mbili mbili. Mchele mpya uanike juani kwenye ungo saa kadhaa kabla ya kuutia kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Fukusi wakiwemo watakimbia. Ukiwakuta baadaye si mwisho wa dunia, upete na uoshe. Chumvi yako ikishikana, tia punje chache za mchele mkavu kwenye kichupa chake.

Lakini ukungu si fukusi. Karanga, mahindi au unga ukiona ukungu au ukisikia harufu ya uvundo, mwaga wote. Kuvu hao hutoa sumu inayoitwa aflatoksini, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Kupepeta na kuchagua zinazoonekana nzuri ni kujidanganya.

Maharage yaloweke usiku, mwaga maji yake, na yachemke kwa nguvu dakika kumi za mwanzo kabla ya kupunguza moto. Yasiyochemshwa vizuri, hasa yale mekundu makubwa, yanaumiza tumbo vibaya. Na kuloweka kunaokoa gesi kuliko ujanja mwingine wowote ninaoujua.

Viungo nunua vizima. Tuko karibu na Muheza na Amani, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga ni za huko huko, hakuna sababu ya kununua vumbi la pakiti ambalo hujui lilisagwa lini. Kaanga kikavu, twanga kijiko kimoja kimoja.

Samaki ni wa siku hiyo. Nenda soko la samaki la Deep Sea mapema na ndoo na barafu kidogo. Macho yamejaa, mashavu ndani mekundu, nyama ukiibonyeza inarudi. Vibua na jodari uwe nao makini zaidi: wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, na hiyo haifi kwa moto, hata ukaange mpaka wawe mkaa. Utawashwa, uso utakuwa mwekundu, kichwa kitagonga, na utasema ni mzio wa samaki kumbe ni samaki aliyechelewa.

Kiporo cha wali tumekula tangu tuna akili, najua. Ila mchele una bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukilala kwenye sufuria ya vuguvugu zinaota, na sumu wanayotoa haiondoki kwa kupasha. Wenye friji, tandaza wali kwenye sinia upoe upesi, uingie ndani kabla ya saa mbili kupita tangu kuiva. Wasio na friji, pikeni wa kuisha. Kikombe kidogo cha chai cha mchele kinamtosha mtu mmoja.

Friji yenyewe isubiri. Kabla ya kuileta, maliza mazungumzo ya umeme na wapangaji wenzako, kama mnatumia mita moja ya LUKU. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa friji ndogo. Ukinunua iliyotumika, bana karatasi kwenye mlango wake na uivute: ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka na friji itanguruma usiku kucha. Ndani iwe nyuzi joto 4. Iache mbali na ukuta upana wa kiganja, na umeme ukikatika na kurudi, subiri dakika tano kabla ya kuichomeka.

Kila usiku, kila Ijumaa

Adui wa jiko la Tanga ni unyevu wenye chumvi. Chombo ukikiacha kikauke chenyewe, kinakauka na kutu. Osha, futa kwa kitambaa kikavu, pindua. Kisu usikilaze kwenye karo. Jiko la gesi lipanguse likiwa vuguvugu, mafuta hayajagandamana, na matundu yake ya moto yachokonolewe kwa sindano yanapotoa moto wa njano. Moto mzuri ni wa bluu.

Kabla ya kulala: karo kavu, taka zimefungwa na kutolewa, hakuna sahani yenye makombo. Mende anataka maji kuliko anavyotaka chakula, ukimnyima maji anahamia kwa jirani. Sisimizi wa sukari huzuiwa na kitu kimoja tu, kopo la sukari kukaa katikati ya sahani yenye maji.

Ijumaa asubuhi mimi huchemsha vitambaa vya jikoni na dodoki dakika tano, navianika juani. Kitambaa cha vyombo kinachonuka kinasambaza kile ulichokiosha.

Na sufuria zako zitie alama. Rangi ya mafuta kidogo kitakoni, au herufi mbili za jina lako kwa msumari. Uani ukishajulikana kwamba una sufuria nzuri, kila shughuli itakuja kuziomba, arusi, khitima, arobaini, na huwezi kukataa kwa sababu wewe pia utaomba siku moja. Zinarudi, ila zinarudi zikiwa zimechanganyika na za watu ishirini. Yangu ya wali ina mstari wa bluu. Iko Mabawa kwenye arusi tangu Alhamisi, na leo nimekula bada.